Kukausha kambale na perege wa mtoni: maji yatoke, lishe ibaki

Vunja kambale mkavu hapo nyuma ya kichwa, penye nyama nene kuliko pote. Nje anaweza kuwa mweusi, mgumu, anang'aa mafuta, wa kuvutia macho kabisa, na ndani nyama ikawa laini, yenye unyevunyevu na harufu ya uchachu. Huyo hajakaushwa. Amefungiwa maji yake ndani. Atavumilia safari ya kutoka kambi ya wavuvi hadi mjini, pengine na siku chache za sokoni, kisha ataota ukungu au kuingia funza, na aliyemnunua kwa ajili ya watoto atakuwa amenunua maradhi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakaushaji wa mabonde ya Kilombero na Rufiji, ambako kambale, perege, kitoga na mbufu ndio mzigo wa kila siku. Kanuni zake hazibadiliki kwa samaki wa Ruvu, Malagarasi au mto mwingine wowote wenye joto, hewa ya unyevu na barafu ya kubahatisha.

Samaki mbichi ana maji kati ya asilimia 75 na 80. Maji yakishuka chini ya asilimia 25, bakteria wengi hushindwa kuzaliana. Yakifika asilimia 15 au chini yake, ukungu nao hukosa pa kuanzia. Safari hiyo ya kutoka 80 hadi 15 ndiyo kazi yote. Ukiiendesha polepole mno, samaki anaoza kabla hajakauka. Ukiiendesha kwa moto mkali tangu mwanzo, ngozi na nyama ya juu hukakamaa na kuziba njia, maji ya ndani yanakosa pa kutokea, na lishe ya nje inaungua. Mengine yote yaliyomo humu ni namna ya kupita katikati ya makosa hayo mawili.

Kabla ya jua wala moto

Kukausha hakumrudishii samaki ubichi aliokwisha kuupoteza. Aliyekufa wavuni tangu jioni, akalala majini yenye joto la nyuzi 28 mpaka asubuhi, ameshaanza kuharibika hata kama macho bado hayajazama. Tegua nyavu alfajiri. Perege apelekwe kivulini mara moja, na kama barafu ipo, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kambale ana bahati ya kuishi muda mrefu nje ya maji: muache hai kwenye beseni lenye maji kidogo mpaka zamu yake ya kisu ifike, badala ya kumuua mapema akakaa juani.

Samaki ambaye tumbo limepasuka lenyewe, mashavu yamegeuka kahawia au kijivu, na nyama haibonyei ikarudi, atoke kwenye mzigo. Wakaushaji wengi humtupia huyu kwenye moto wakiamini moshi utamficha. Moshi unaficha harufu, lakini sumu ambazo baadhi ya bakteria huziacha kwenye nyama haziondolewi na moto wa jikoni.

Toa matumbo yote pamoja na utando mweusi wa ndani, toa mashavu, kisha kwangua ile damu iliyoganda chini ya uti wa mgongo kwa ncha ya kisu. Damu hiyo ndiyo inayooza kwanza. Hapa pana hatari nyingine isiyozungumzwa sana: samaki asiyetolewa matumbo, akatiwa chumvi kidogo na kufungwa mahali pasipo hewa, ni mazingira yanayopendwa na bakteria anayetoa sumu ya botulini, ambayo huua kwa kulegeza misuli ya kupumulia. Hakuna kipimo cha mdomo wala pua kinachoigundua.

Kambale ana utelezi. Msugue kwa chumvi ya mawe au ndimu, msuuze, rudia mpaka ngozi ikwaruze mkononi. Utelezi ukibaki hubeba vijidudu na hufanya masizi yagande kama lami. Osha kwa maji ya kunywa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Maji ya ukingoni mwa mto, penye vyoo vya kambi na mifugo, yanakuletea kichocho na matumbo ya kuhara kabla hata hujawasha moto.

Mkato ndio unaoamua muda wa kukauka. Maji hutembea taratibu ndani ya nyama, na unene ukiongezeka mara mbili muda hukaribia kuongezeka mara nne. Kwa hiyo:

- Perege au mbufu wa chini ya gramu 150: atolewe matumbo, abaki mzima.
- Wa gramu 200 hadi 500: apasuliwe mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, afunguliwe kama kitabu, ngozi ya tumbo ikiwa ndiyo bawaba.
- Wa zaidi ya hapo: pamoja na kupasuliwa, atiwe chale za kina kila baada ya sentimita 2 kwenye nyama nene.
- Kambale wa kilo moja na kuendelea: vipande visivyozidi sentimita 3, kichwa kipasuliwe katikati.

Wengine humkunja kambale mkia ukaingizwa mdomoni. Anapendeza na hupangika vizuri tengani, lakini pale kwenye mkunjo nyama hugusana na nyama, hewa haipiti, na mara nyingi ndipo funza wanapoanzia. Kwa mnunuzi wa kesho sawa. Kwa samaki wa kukaa miezi mitatu, usimkunje.

Chumvi kwanza, kwa kipimo

Hata ukikusudia moshi, maji ya chumvi yana faida mbili: yanavuta sehemu ya maji ya nje na yanawachelewesha bakteria katika zile saa za mwanzo za hatari. Yeyusha gramu 150 za chumvi kwa kila lita ya maji safi. Perege aliyepasuliwa akae dakika 30, vipande vya kambale dakika 45 hadi 60. Lita moja itoshe kilo moja ya samaki, na usiyatumie maji hayo kwa mzigo wa pili, yameshajaa damu. Kisha watundike au wapange kivulini penye upepo kwa saa moja mpaka maji yaache kudondoka. Samaki anayeingia tanurini akidondosha maji hachukui moshi vizuri, hupikika kwa mvuke na nyama hukatikakatika.

Ng'onda ni jambo jingine. Hapo chumvi ndiyo mlinzi mkuu: kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 au 4 za samaki aliyepasuliwa, tabaka la chumvi, tabaka la samaki nyama ikitazama juu, tabaka la juu kabisa litazame chini, kisha ubao safi na jiwe. Atoe maji yake siku moja hadi mbili. Chumvi isiwe laini kama ya mezani peke yake, maana hukaza nyama ya juu haraka na kuzuia chumvi kuingia ndani. Changanya laini na ya mawe. Suuza harakaharaka, anika siku tatu hadi tano. Ukiona wekundu wa waridi juu ya ng'onda na harufu kali, ni bakteria wapendao chumvi, waliokuja na chumvi yenyewe. Tupa samaki hao, tupa chumvi hiyo, osha vyombo vyote kwa maji ya moto.

Kwa upande wa lishe, chumvi haiharibu protini, ila maji yanayotoka huondoka na sehemu ya vitamini za kundi B na madini. Tatizo kubwa ni chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipande kidogo cha ng'onda kinaweza kumaliza kiasi hicho kabla hujatia chumvi kwenye mboga. Mwenye shinikizo la damu, mwenye figo dhaifu, na mtoto mchanga anayeanza kula, wapewe wa moshi au wa jua asiyetiwa chumvi nyingi.

Jua

Jua ni la bure na halichomi protini. Likitumika vizuri, perege mdogo aliyeanikwa huhifadhi ubora wa protini yake kuliko yule wa moto mkali. Hasara yake iko kwenye mafuta na vitamini A: mwanga na hewa huyashambulia mafuta, ndiyo ile rangi ya njano na ladha ya kukereketa kooni. Mafuta ya samaki, yale yenye omega-3 ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, ndiyo huanza kuharibika. Ndiyo maana jua linamfaa perege mwembamba, mwenye mafuta kidogo, na halimfai kambale aliyenona. Kambale mnono mpeleke tanurini.

Usianike mchangani, wala kwenye majani, wala juu ya paa la bati. Mchanga huingia kwenye nyama na hautoki. Mbwa na kuku hupita. Na upande wa chini haupati hewa, kwa hiyo unachacha. Jenga uchanja wa nguzo na fito wenye kimo cha mita moja, uso wake uwe wavu wa plastiki au fito za mianzi zilizoachana kidogo. Chandarua chenye dawa ya mbu kisitumike kabisa, si chini ya samaki wala juu yake. Dawa hiyo imewekwa ikae kwenye uzi kwa miaka, na samaki mwenye mafuta huichukua.

Nzi wa kijani hutaga kwenye samaki mbichi, hasa mdomoni, kwenye mashavu na kwenye chale, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja kukiwa na joto. Siku ya kwanza ndiyo ya vita. Anika asubuhi mapema ili ngozi ikauke kabla nzi hawajazidi, funika kwa chandarua kisicho na dawa kilichoinuliwa kisiguse samaki, na geuza kila baada ya saa mbili. Jioni waondoe, wapange ndani penye hewa, wafunike. Umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya nusu siku.

Kwa anayetaka hatua moja mbele, hema la jua halina gharama kubwa. Fremu ya miti ya mita 2 kwa 3, kimo cha mita moja na nusu, ivikwe nailoni angavu ya kitalu. Sakafu itandikwe nailoni nyeusi au mawe yaliyopakwa masizi, uchanja uwe katikati. Acha matundu chini upande unakotoka upepo, na mengine juu kabisa upande wa pili, yote yazibwe kwa wavu wa kuzuia nzi. Ndani joto hupanda hadi nyuzi 45 au 60, nzi hawaingii, na samaki hukauka kwa siku mbili badala ya nne. Ukiona matone upande wa ndani wa nailoni, matundu ni madogo: hewa yenye maji haitoki, na umegeuza kikaushio kuwa chungu cha mvuke.

Kati ya Machi na Mei jua la mabondeni halitegemeki. Usiwaanike ukitarajia kudura. Samaki aliyekaa siku mbili za mawingu amekwisha kuharibika.

Moshi na moto

Hapa ndipo lishe nyingi hupotea, na ndipo usalama unapoweza kupatikana au kukosekana kabisa. Tuanze na moto wenyewe.

Moto wa shimo lenye fito juu yake, samaki wakiwa sentimita 40 kutoka kwenye ndimi za moto, una madhara matatu kwa wakati mmoja. Unaziba ngozi. Unaunguza nyama ya nje. Na mafuta yanayodondoka kwenye makaa hupanda tena kama moshi mzito wenye kemikali ziitwazo hidrokaboni za aromatiki, mojawapo ikiwa benzopirini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tangu mwaka 2014 Umoja wa Ulaya, kwa kawaida, hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya samaki wa moshi. Mkaushaji wa kijijini hana maabara ya kuipima, lakini anajua vitu vinavyoizalisha: moto wa ndimi badala ya makaa, mafuta yanayodondoka, kuni mbichi, muda mrefu wa moshi mzito, na samaki kukaa karibu na moto. Anayepata moshi huo kwa wingi kuliko mlaji ni mama anayeupuliza moto huo siku nzima akiwa na mtoto mgongoni.

Tanuri la matofali ya udongo lenye trei za kupandana linaondoa sehemu kubwa ya taabu hii. Mfano uliosambaa Afrika ni tanuri la Chorkor, lenye jina la kijiji cha wavuvi kando ya Accra, Ghana: sanduku la udongo lenye mdomo wa kuni chini, na trei za mbao zenye waya zikipangwa juu yake kama bomba la moshi. Baadaye likaja tanuri la FTT-Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa ushirikiano na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo limeongeza trei ya kukinga mafuta na kutenganisha kukausha kwa joto la makaa na kutia moshi. Hata asiyeweza kulijenga lote anaweza kuiga mawazo yake mawili: mafuta yasifike motoni, na moshi uje mwishoni.

Jenga sanduku la matofali lenye kimo cha angalau mita moja kutoka kwenye makaa hadi trei ya kwanza. Katikati, juu ya makaa, weka bati safi lisilo na rangi, likiinama upande mmoja, na kopo nje la kupokea mafuta. Bati hilo husambaza joto pia, kwa hiyo samaki wa katikati hawaungui wakati wa pembeni wangali wabichi. Trei zisizidi tano, na kila baada ya saa mbili ya chini ipande juu. Nunua kipimajoto cha oveni ukining'inize usawa wa trei ya chini. Kama hukipati, weka kiganja hapo: ukishindwa kuhesabu taratibu hadi kumi, moto ni mkali mno kwa saa za mwanzo.

Mwendo wa moto ni huu. Saa 2 za mwanzo, nyuzi 30 hadi 40, mlango wazi, hewa ipite kwa wingi, ngozi ikauke bila kuiva. Usizidishe saa tatu, maana joto hilo bakteria nao wanalipenda. Saa moja inayofuata, 50 hadi 60. Kisha pandisha hadi 80 mpaka kiini cha kipande kinene kifike nyuzi 65 na kikae hapo dakika 30. Hatua hii ndiyo inayoua minyoo iliyojificha kwenye nyama, pamoja na vijidudu vya kuharisha. Jua peke yake haliwezi kuahidi hivyo. Baada ya hapo shusha hadi 50 au 60 na uendelee kwa makaa, bila moshi mzito, saa 12 kwa perege na hata 30 kwa vipande vya kambale. Ni vizuri kugawa kazi kwa siku mbili au tatu: usiku moto ukizimika, maji ya ndani husogea taratibu kuja nje, na asubuhi ni rahisi kuyatoa.

Moshi wenyewe utie saa mbili za mwisho tu. Kuni ziwe ngumu na kavu, za mwembe au mkorosho, au vifuu vya nazi. Msonobari na mti wowote wenye utomvu kama wake usiutumie. Mbao za samani zilizopakwa rangi au kugundishwa kwa gundi, matairi na mifuko ya plastiki ni sumu tupu, na wapo wanaoviwashia moto kila asubuhi wakidhani vitaungua vyote kabla samaki hajawekwa.

Rangi inayotakiwa ni ya dhahabu hadi kahawia. Weusi ni masizi na kuungua. Soko la samaki wa moshi limezoea kuusifu weusi kama dalili ya ukavu, na hilo ni kosa linalogharimu lishe. Moto mkali wa muda mrefu huifunga lisini, sehemu ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, isiweze kusagika tumboni. Ugali wa mahindi una lisini kidogo, wali pia. Samaki ndiye anayeziba pengo hilo kwenye sahani ya bonde zima. Ukimchoma mpaka awe mkaa, protini bado inasomeka kwenye vipimo, lakini ile sehemu iliyohitajika zaidi haipo tena. Vitamini B1 nayo hupungua kwa moto. Madini, yaani kalsiamu, chuma na zinki, hayaungui, tena huongezeka kwa kila gramu kwa kuwa maji yametoka.

Kuhusu perege wa kukaanga kwa mafuta, ambaye ni maarufu sana njia ya Ifakara: ni chakula kitamu cha siku mbili tatu, lakini si samaki mkavu. Ndani bado ana maji mengi, na mafuta yaliyokaangia mara kumi yanazidi kumharibu.

Kujua kama amekauka kweli

Mizani ndiyo shahidi. Kabla ya kuanza, chagua samaki watatu waliokwisha safishwa, wa ukubwa wa kati na mkubwa, wafunge uzi, wapime na uandike. Kilo moja ya perege aliyesafishwa ina vitu vikavu karibu gramu 220, kwa hiyo akifika maji asilimia 15 anatakiwa awe na uzito wa gramu 260 hivi. Kambale mwenye mafuta anabaki gramu 280 hadi 300. Akiwa bado na asilimia 30, perege yuleyule ana gramu 314. Zile gramu 54 za ziada ni maji unayomuuzia mteja kwa bei ya samaki, na ndizo zitakazomuozesha. Kwa ng'onda hesabu hii haifai kwa sababu chumvi imeongeza uzito.

Kwa asiye na mizani: chukua chupa kavu ya kioo, tia kijiko cha chumvi laini iliyokaushwa kwenye kikaango, ongeza vipande vidogo vilivyochokolewa kutoka kwenye nyama ya ndani kabisa, ziba, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maji bado yamo. Ikibaki inatiririka, samaki yuko salama kuhifadhiwa. Kipimo hiki nacho ni cha asiyetiwa chumvi nyingi tu.

Ghala

Wapoe kabisa kabla ya kufungwa, saa kadhaa, wakifunikwa kwa chandarua safi. Samaki wa moto akitiwa kwenye salfeti hutoa jasho, na jasho hilo linatosha kuotesha ukungu. Ukungu wa kijani au manjano ndio unaoweza kutoa sumukuvu, ileile inayozungumzwa kwenye mahindi na karanga. Kuupangusa ukungu na kuwarudisha samaki juani kunaondoa manyoya tu. Sumu imekwisha kuingia, na kupika hakuiondoi. Watupwe mbali na kuku pia.

Tenga lililotandikwa karatasi safi ya kaki linafaa kwa kuwa linapumua. Mfuko mzito wa plastiki uliofungwa ni mzuri kuliko tenga iwapo tu samaki amefika asilimia 15. Akiwa na zaidi, utakuwa umemfungia na maji yake. Weka juu ya chaga, sentimita 20 kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Masika hewa yenye unyevu humrudishia samaki maji hata kama alikauka vizuri, kwa hiyo kagua kila baada ya wiki mbili.

Utakayemkuta sana ni mdudu mweusi mdogo na mabuu yake yenye manyoya, wanaotoboa na kuacha unga chini ya tenga. Warudishe samaki tanurini kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa mbili mpaka joto lifike kwenye kiini, poza, funga upya kwenye chombo kilichomwagiwa maji ya moto na kukauka. Kupulizia dawa ya wadudu, iwe ya kunguni, ya mifugo au ya pamba, ni kumlisha mtu sumu. Haitoki kwa kuosha, na aliyeipuliza hajui nani atakula.

Hadi chunguni

Mwanzo wa kupika, mwagie samaki wa moshi maji yanayochemka, muache dakika 10, yamwage maji hayo. Bandua ngozi nyeusi. Sehemu kubwa ya masizi na zile kemikali hukaa hapo. Ng'onda anahitaji kulowekwa saa kadhaa na kubadilishiwa maji mara mbili. Wa jua asiye na chumvi asilowekwe zaidi ya dakika 20, vitamini B huondoka na maji. Wote wachemke vizuri, kwa sababu huenda walishikwa na mikono mingi sokoni.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, twanga perege mdogo asiye na chumvi, pamoja na mifupa yake, chekecha kwa chekeche laini mara mbili pasibaki mwiba, na uchanganye kwenye uji ukiwa bado unachemka. Gramu 10 za unga huo zina protini karibu gramu 6, na mifupa iliyosagwa huleta kalsiamu ambayo minofu peke yake haina.

Kuna jambo moja ambalo hakuna njia ya kukausha inayoligusa. Kwenye mito inayopokea maji ya machimbo madogo ya dhahabu, zebaki huingia kwenye samaki, na wanaojaza zaidi ni wakubwa walao samaki wenzao. Jua haliitoi, moshi hauitoi, na maji yakitoka kiasi chake kwa kila gramu huzidi. Mama mjamzito na mtoto wa maeneo hayo wapewe perege wadogo walao majani na mwani, na kambale mkubwa aachiwe wengine.